Msuluhishi wa Vyumba Viwili

Tarehe 11 Februari

Bibi, mchumba wangu wa kwanza,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa dirishani na miwani yako puani, si kitandani. Sisi huku wazima. Mama amepata kazi ya kushona mapazia ya hoteli nzima, na sebule yetu imejaa vitambaa mpaka tunakula tumesimama. Dada mdogo ameng'oka jino la mbele na sasa anacheka kwa kuziba mdomo kama bibi harusi. Mama anakusalimu sana.

Sasa jambo lenyewe. Muhula huu, katika somo la diplomasia, hatufanyi mtihani wa karatasi. Tunacheza. Usinicheke, ndivyo alivyosema mwalimu mwenyewe. Darasa limegawanywa kuwa nchi mbili za kubuni zinazogombea mto mmoja. Nchi ya Juu inataka kujenga bwawa. Nchi ya Chini inasema bwawa likijengwa mashamba yake yatakauka. Kila ujumbe umepewa bahasha yenye maagizo ya siri kutoka kwa serikali yake. Tunaitana Waheshimiwa hata tukiwa kwenye foleni ya choo. Mwalimu ana kikengele cha mezani. Akisikia tusi au porojo anakigonga. Tunamwita Kengele, naye anajua.

Kiongozi wa Nchi ya Juu ni msichana tunayemwita Spika, kwa sababu hahitaji kipaza sauti. Wa Nchi ya Chini ni Mrefu, ambaye huongea kama anayelipia kila neno. Mimi nimepewa usuluhishi. Spika na watu wake wako kwenye chumba cha ramani, Mrefu na wake wako kwenye stoo ya maktaba, na mimi ndiye wa kwenda na kurudi kubeba maneno. Wakikubaliana kabla ya Aprili kwisha tumefaulu. Wasipokubaliana tumeanguka wote, mimi wa kwanza.

Wewe umekaa kwenye mazungumzo ya mipaka karibu maisha yako yote ya kazi. Nifundishe. Ningekupigia simu lakini najua unavyoichukia.

Ni mimi, mumeo mtarajiwa.


Tarehe 3 Machi

Mume wangu asiyeninunulia hata sabuni,

Marahaba. Barua yako ilijikalia posta hadi jirani yangu, fundi saa, alipokwenda kufuata ya kwake akaiona. Mimi mzima, ila kuna kikohozi kidogo kimezoea kunitembelea asubuhi. Paka wa fundi saa amezalia kwenye kabati langu la vitabu, juu ya kamusi, na sina moyo wa kumhamisha. Kwa hiyo nikikosea neno humu, mlaumu paka.

Simu siichukii. Ila mtu akikuambia jambo kwa simu huwezi kulirudia kesho yake ukiwa na akili timamu.

Salamu za mama yako nimezipata. Zimenishangaza, kwani ni za kwanza tangu siku ya lori. Mwambie nami namsalimu. Siku ile ulikuwa mdogo, na sijui uliambiwaje, basi nikuambie. Babu yako alipofariki, mama yako aliamua nihamie kwake. Hakuniuliza. Alikuja na lori na vijana wa kubeba, nami niliporudi kutoka sokoni nilikuta kitanda changu kiko juu ya lori, godoro limefungwa kamba, na mtaa mzima umetoka nje kutazama. Niliwaamuru wale vijana washushe kila kitu. Nikamwambia mama yako mbele ya watu, "Mimi si mzigo wa kupakiwa." Naye akanijibu, "Basi kaa na vitanda vyako." Akaondoka na lori tupu. Tangu hapo kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Hakuna zaidi, na hayo yametosha kutunyamazisha miaka yote hii.

Tuje kwenye mto wako. Katika mazungumzo yangu ya kwanza mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mzee mkavu asiyecheka. Aliweka sharti moja. Hakuna mjumbe atakayejibu hoja mpaka kwanza airudie hoja ya mwenzake, na mwenzake aseme, "Ndivyo." Asubuhi nzima tuliipoteza kwa sentensi moja. Mjumbe wetu anarudia, yule wa upande wa pili anasema, "Sivyo." Anarudia tena. "Sivyo." Nilikuwa naandika kumbukumbu, nikatamani kulia. Lakini baada ya chakula cha mchana watu walianza kusikilizana, kwa sababu kila mmoja alichoka kuambiwa sivyo.

Jaribu hilo. Na usiwe na haraka ya kumfurahisha mtu. Nakujua wewe. Ulipokuwa mtoto ulikuwa ukimwambia kila mgeni kwamba tulikuwa tunamzungumzia yeye tu, hata kama hatukujua anakuja.

Bibi yako.


Tarehe 24 Machi

Bibi wangu,

Shikamoo. Huku wote wazima. Mama anauliza kama unakula vizuri, na anasema ujifunike asubuhi. Dada ameota jino, limekaa upande.

Nimeharibu. Nakuandikia nikiwa nyumbani wakati wenzangu wako darasani, kwa sababu nimetolewa.

Ile njia ya jaji nilijaribu siku moja nikaona inachelewesha. Spika alikataa kurudia maneno ya Nchi ya Chini, akasema yanamchafua mdomo. Basi nikatafuta njia ya mkato. Nilimwambia Spika kwamba Mrefu yuko tayari kukubali bwawa. Nikavuka ukumbi nikamwambia Mrefu kwamba Spika yuko tayari kungoja misimu miwili ya mvua kabla ya kulijaza maji. Hakuna aliyeniambia hivyo, si huyu wala yule. Nilifikiri kila mmoja akiamini mwenzake amelainika, naye atalainika, na mwishowe uongo wangu utageuka kweli bila mtu kuumia.

Vyumba vyote viwili vilichangamka. Spika alinipigia makofi. Mrefu alinishika mkono, akasema maneno manne mfululizo. Kengele akaitisha kikao cha pamoja. Walikaa, wakatabasamu, kila upande ukangoja.

"Mheshimiwa," Spika akasema, "tunasubiri tamko lenu."

"Letu?" Mrefu akauliza. "Sisi tumekuja kusikiliza lenu."

"Sisi hatuna tamko. Nyie ndio mmekubali bwawa."

"Bwawa gani? Nani kakwambia?"

Wote wakanigeukia. Spika akasimama. "Wewe! Kumbe umetuuza jumla na rejareja!"

Nilingoja kengele igongwe kwa tusi lile, haikugongwa. Mwalimu alinitazama tu, akaniambia nitoke nje. Baadaye aliniita, akasema nitarudi kwenye kazi yangu ikiwa tu pande zote mbili zitanikubali tena. Wasiponikubali, nimeanguka somo. Chuo kizima sasa kinaniita Mheshimiwa Jumla.

Nifanyeje? Na wewe, Bibi, mbona barua yako iliyopita uliiandika kwa penseli, na mistari inateremka kama mtu anayeshuka ngazi? Au na hilo nimlaumu paka?

Mjukuu wako mwenye aibu.


Tarehe 16 Aprili

Mume wangu Mheshimiwa Jumla,

Marahaba. Nimelicheka hilo jina mpaka nesi akaja kuona kuna nini. Ndiyo, nesi. Nilikuwa nimelazwa, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Sasa niko nyumbani, na naandika kwa penseli kwa sababu kalamu inataka mkono uibonyeze, na mkono wangu hautaki tena kubonyeza kitu.

Kwanza kazi yako, maana ndiyo nyepesi. Nenda chumba cha ramani ukaseme, "Nilibuni." Nenda stoo ya maktaba ukaseme vivyo hivyo. Usijieleze, usitoe sababu, usiseme nia yako ilikuwa njema. Hilo watalisema wenyewe wakitaka, na wasipotaka huwezi kuwalazimisha. Kisha waambie kuanzia leo utabeba kilichosemwa tu, hata kikiwa tusi. Msuluhishi akileta tusi kamili, mtu anajua kwamba hata jambo jema akilileta litakuwa kamili.

Sasa langu.

Hizi salamu za mama yako unazitunga wewe. Nilijua tangu barua ya kwanza. Nimemzaa, nimemlea, na hajawahi katika maisha yake kumwambia mtu ajifunike asubuhi. Angekuwa anauliza habari zangu kweli, angeuliza kwa ukali, tena kitu kimoja tu, kama vile nani ananipandia ngazi kubadilisha taa. Na huko kwake nadhani umempelekea zangu kabla sijazituma. Umefanya nyumbani kilekile ulichofanya chuoni.

Sikukuandikia kukugombeza. Nakuandikia kukiri. Nilijua ni za uongo nikazipokea. Nilizisoma, nikakunja barua, nikaifungua nikazisoma tena. Mimi niliyefanya kazi ya kuwatoa watu wazima katika maneno ya namna hiyo nilikaa dirishani nikijidanganya kwamba hata salamu ya kubuni lazima ina chanzo mahali fulani. Kisha nikajibu kana kwamba nimeamini, kwa sababu nikikufichua zingekoma.

Kuna lingine nyuma ya hilo. Siku ya lori niliwaambia watu kwamba sikuhama kwa sababu ya heshima yangu. Wamenisifu kwa hilo mtaa huu wote. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kuchoka. Kulikuwa na asubuhi nilizoshindwa kufunga vifungo vyangu, na nilikuwa nalala na nguo ya jana ili nisivifungue. Kama ningehamia kwa mama yako angeona. Alikuwa ananitazama kama mtu asiyeshindwa na kitu, tangu akiwa mdogo, na sikutaka aache kunitazama hivyo. Kwa hiyo nikamkaripia mbele ya watu, mtoto aliyekuja kunichukua. Sasa nesi wa zahanati ndiye anayekuja kunifungia vifungo, mtu baki, ananiita kipenzi na hajui hata nilifanya kazi gani.

Moyo wangu ndio mgonjwa. Hauna nguvu ya kusukuma, maji yanajaa kifuani. Kikohozi ni hicho. Daktari alinieleza mapema mwaka huu, akaniuliza kama nina mtoto karibu. Nikasema ninaye mmoja, hayuko karibu. Akadhani nazungumzia umbali.

Sasa nakupa ujumbe wa kupeleka, na huu si wa kuchezea. Mwambie mama yako: "Mama yako anaomba uje." Basi. Usitaje hospitali, usitaje kikohozi, usimlilie. Sitaki aje kwa hofu, maana akija kwa hofu sitajua kama angekuja bila hofu. Akikataa, niandikie kwamba amekataa, kwa maneno yake.

Maishani mwangu sijawahi kuomba kitu bila kuandaa cha kutoa badala yake. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine. Safari hii nimetafuta nyumba nzima na sijaona cha kutoa.

Bibi yako.


Tarehe 4 Mei

Bibi,

Shikamoo. Leo sikuletei salamu za mtu yeyote ila zangu.

Barua yako niliisoma kwenye ngazi za chuo na sikuingia darasani siku hiyo. Nataka kusema mengi juu yake na siwezi, basi nakuambia niliyoyafanya.

Nilikwenda chumba cha ramani nikasema nilibuni. Spika alinitukana vizuri, kwa mpangilio, kisha akaniuliza kama nimemaliza kutema sumu au bado kuna nyingine. Nilikwenda stoo ya maktaba nikasema nilibuni. Mrefu akasema tu, "Sawa." Wakanirudisha. Nilipeleka tusi la Spika stoo, kamili, halikupungua hata kiungo, na watu wa Mrefu wakacheka badala ya kukasirika. Nikarudisha kicheko. Tukaanza njia ya jaji, na safari hii hakuna aliyesema inamchafua mdomo. Ilipofika siku ya mwisho Spika aliyarudia maneno ya Nchi ya Chini kwa sauti yake ile, kwamba mkulima wa chini haogopi bwawa, anaogopa kuamka akute mto umepungua bila mtu kumwambia. Mrefu akasema, "Ndivyo." Akaongeza, "Asante."

Juu ya bwawa hawakukubaliana. Walikubaliana jambo moja dogo: watu wa nchi zote mbili watapima kina cha mto pamoja kila wiki na kutangaza namba moja. Kengele alisema kuna nchi za kweli ambazo hazijafika hapo. Tumefaulu.

Kwa Mama nilikwenda mchana, kwenye duka lake la ushonaji. Alikuwa amepiga magoti juu ya kitambaa cha hoteli, utepe wa kupimia shingoni, chaki sikioni.

"Mama, Bibi anaomba uje."

Hakuinua kichwa. "Kasema nani?"

"Yeye mwenyewe. Kaandika."

"Kaandika 'naomba'? Mama yangu mimi?"

"Ndiyo. Na zile salamu zake nilizokuwa nakuletea tangu mwaka jana, nilizitunga. Zako pia nilimpelekea, nikazitunga."

Alinichapa kwa utepe. "Unawasalimia watu kwa jina langu bila ruhusa yangu? Nilikutuma?" Akanichapa tena, ila pole. Kisha akarudi kukata, na mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. "Anaumwa."

"Nimekatazwa kuongeza neno."

Akanitazama. Bibi, nilinyamaza kwa nguvu zangu zote, na nadhani kunyamaza kwangu kulisema kila kitu. Kama hilo ni kosa, ni langu.

Nikamwomba tufanye kama darasani. Aseme kwa kinywa chako kwa nini uliwashushisha wale vijana vitu. Akasema huo ni mchezo wa watoto. Halafu akanyoosha mgongo, akainua kidevu, akasema kwa sauti yako hasa, "Mimi si mzigo wa kupakiwa!" Wateja wawili wakageuka. Nikamwambia, "Sivyo."

"Nilimwaibisha mbele ya mtaa."

"Sivyo."

"Basi hakutaka kukaa kwangu, aliona nyumba yangu ndogo."

"Sivyo, Mama."

Alikaa juu ya marobota ya mapazia. Alikaa hapo hata wateja wakaondoka. Kisha akasema, taratibu, "Aliogopa kuonekana."

Nikasema, "Ndivyo." Kama hilo nalo ni kuongeza neno, nisamehe.

Alifunga duka mapema. Njiani nikamuuliza atakwenda au hatakwenda. Akasema, "Mwambie nimesikia." Nikauliza maana yake nini. Akasema, "Wewe mbebaji, beba. Mwambie nimesikia."

Ndiyo maneno yake yote. Tangu siku hiyo hajalitaja, wala mimi sijathubutu. Mkono unaniwasha kukuandikia kwamba ameanza kufunga mzigo, lakini sijaona mzigo.

Mjukuu wako.


Tarehe 23 Mei

Mume wangu,

Marahaba. Mwandiko huu unaujua, ndio uliosaini ripoti zako zote za shule, na mara nyingine ulijaribu kuuiga. Mimi nasema, yeye anaandika. Yale asiyoyapenda anakataa kuyaandika, na tumeshabishana juu ya neno "mume" hapo juu. Anasema mume gani huyo asiyejua kufua soksi zake.

Alifika Jumanne bila kutangaza. Kumbe aliondoka huko akikwambia anakwenda kununua uzi. Alisimama mlangoni akasema, "Nimekuja." Nikasema, "Nimeona." Ungetusikia ungedhani tunangoja mpiga picha. Halafu akaanza kunigombeza kwa jinsi nilivyokonda, na akaendelea kunigombeza huku ananivua viatu, ananinawisha uso, ananibadilishia shuka, na nikajua ni yeye hasa, hakuna mtu aliyemtunga. Nililia. Hilo amekataa kuliandika, nimemlazimisha. Anasema basi aandike kwamba naye alilia, tuwe sawa.

Hatujazungumza juu ya lori kama ulivyotaka. Alisema tu, "Ningeuliza kwanza." Nikamwambia, "Ningepanda." Tukaliacha hapo.

Anataka nihamie kwenu. Mimi nataka kubaki na dirisha langu. Mazungumzo yanaendelea, na kwa sasa tumefika mahali hapa: ameagiza cherehani yake moja iletwe, na mapazia ya hoteli yanamalizikia sebuleni kwangu. Watoto wa paka wanalala humo. Mwenye hoteli asijue. Dada yako aje mwisho wa wiki na shangazi yako anayemtunza huko, ila wewe umalize mitihani iliyobaki kwanza. Usitoroke. Kufaulu kwako katika ule mto nimemsimulia fundi saa mara nyingi mno, na sasa ukianguka somo jingine nitaaibika.

Nimemwambia mama yako akuandikie alichosema daktari jana, kwa sababu una haki ya kuyapata maneno kamili, na kazi yako imekufundisha kuyabeba. Ameweka kalamu chini. Ametoka nje, nimesikia akichota maji, akayamwaga bila kuyatumia. Amerudi amekaa. Ameandika hivi: moyo wa bibi yako umechoka na hauponi, lakini pengine ataufikia mwisho wa mwaka.

Amenisomea. Daktari hakusema kitu chochote juu ya mwisho wa mwaka. Nimemwambia aliache hivyohivyo.

Bibi yako, kwa mkono wa mama yako.